Kutazama Mara ya Pili

Msomaji wangu, wako watu wasemao kuwa kutazama mchezo uliokwisha kuuona ni kupoteza wakati, kwa kuwa mwisho wake wajulikana. Mimi nami naliamini hivyo miaka mingi. Kitabu nilichokisoma nalikifunga, na mchezo niliouona nalimwachia asiyeuona. Lakini mwaka jana binti yangu aliniletea kutoka Uingereza diski kadhaa za mchezo mmoja mkongwe wa televisheni, nami nikakaa nazo jioni baada ya jioni, nikivitazama vipindi ambavyo nalivitazama katika ujana wangu. Nataka kukueleza nilichokiona, maana sicho nilichokuwa nimekiacha.

Mchezo wenyewe waitwa Coronation Street. Ulianza kuonyeshwa Ijumaa, tarehe 9 Desemba 1960, na kampuni ya televisheni ya Granada katika mji wa Manchester. Aliyeubuni, Tony Warren, alikuwa kijana wa miaka 24. Mtaa huo haumo katika ramani yoyote. Umo katika mji wa kubuni uitwao Weatherfield. Walakini mtu aliyepata kukaa Salford, ng'ambo ya mto kutoka Manchester, hana haja ya kuambiwa umetolewa wapi. Ni safu ya nyumba za matofali zilizoshikana ukuta kwa ukuta, na mlango wa kila nyumba hufunguka moja kwa moja njiani. Mwisho mmoja pana duka dogo. Mwisho wa pili pana nyumba ya pombe iitwayo Rovers Return. Hapana mfalme wala jemadari. Watu huosha vyombo, huteta, hukopa, huoa, huzika.

Waingereza huiita michezo ya namna hii michezo ya sabuni. Jina hilo lilitoka Marekani katika miaka ya 1930, wakati makampuni ya sabuni yalipolipia michezo ya mfululizo ya redio ili yapate kutangaza bidhaa zao kwa mama wa nyumbani. Ni jina lenye dharau ndani yake, nami nalishiriki dharau hiyo. Lakini mchezo ulioagizwa kwa vipindi 13 tu mwanzoni, ulikuwa umefika kipindi cha 10,000 tarehe 7 Februari 2020. Na tangu mwaka 2010, katika michezo ya mfululizo ya televisheni inayoendelea kuonyeshwa duniani, hapana ulioishi maisha marefu kuliko huo.

Nalifika Salford mwezi wa Septemba 1987 kusomea ualimu. Nalipanga chumba katika nyumba ya mjane mmoja ambaye katika ujana wake alifanya kazi kiwandani, katika mitambo ya kusokota pamba. Mimi, kwa desturi ya kwetu, nalimwita Mama; alishangaa siku ya kwanza, akazoea siku ya pili. Nyumba yake ilikuwa na sheria chache, na kali kupita zote ilikuwa hii: jioni ya Jumatatu na jioni ya Jumatano, Coronation Street ikianza, asiseme mtu. Chai ilimiminwa kabla. Hata paka alifahamu.

Siku ya Krismasi ya mwaka ule mwanamke mmoja aitwaye Hilda Ogden, mfagiaji wa Rovers Return, aliuaga mtaa na kwenda zake. Watu zaidi ya milioni 26 walimtazama akiondoka. Nami nalikuwa mmoja wao, mgeni mwenye blanketi magotini, nikistaajabu jinsi taifa zima liwezavyo kushika pumzi kwa ajili ya mfagiaji. Nalimwuliza Mama ni kwa nini. Hakunijibu kwa maneno. Alifungua kabati akatoa kanda za video, akasema kwamba nikitaka kujua sina budi kuanza mwanzo.

Basi tukaanza mwanzo. Kipindi cha kwanza hakina rangi, na kilipoonyeshwa kilichezwa palepale, watu wakitazama. Mwigizaji akijikwaa ulimi, nchi nzima ilimsikia. Ndani yake yumo kijana aitwaye Kenneth Barlow. Amesomeshwa hata akaingia chuo kikuu, naye amerudi nyumbani kwa wazazi wake, na kila akitazamacho chamwumiza. Baba yake hula chakula na chupa ya mchuzi mezani; kijana hukunja uso. Baba huliona lile kunjo. Kisha yazuka maneno makubwa zaidi: Kenneth ana miadi na msichana mwenye asili ya watu wa juu, nao watakutana katika hoteli ya Imperial. Baba akataa katakata. Hoteli hiyo ndiyo mama mtu anayofanyia kazi, huko jikoni. Mwana hawezi kwenda kutumia fedha ukumbini, na mama yake akitoa jasho upande wa pili wa ukuta.

Mimi nalisema, "Kijana ana haki. Elimu imemfungulia mlango, na baba ataka kuufunga."

Mama alinyosha mkono, akapunguza sauti ya televisheni. Sikupata kumwona akifanya hivyo kabla ya siku ile wala baada yake. Akasema, "Mama yangu alisugua sakafu za hoteli miaka thelathini. Mlango wake wa mbele hakuupita hata siku moja." Kisha akairudisha sauti.

Mwisho wa kipindi yule msichana hakungoja hotelini. Alikuja mwenyewe nyumbani kwa akina Barlow, akaingia sebuleni, na pale sebuleni, mbele ya moto, baba na mwana wake mdogo walikuwa wakitengeneza baiskeli. Uso wa Kenneth ulikuwa uso wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Mama alicheka. Mimi sikucheka, msomaji wangu, na sasa sina budi kukuambia sababu, ingawa nimeificha miaka mingi.

Baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli. Alikaa chini ya mkwaju karibu na kituo cha mabasi, Kilifi, na mali yake ilikuwa pampu moja, spana nne, beseni la maji la kutafutia tundu, na kibati cha viraka. Kwa viraka hivyo alinipeleka shule ya sekondari ya bweni. Mwaka 1974, nilipokuwa kidato cha pili, alikuja kuleta karo iliyosalia. Hakuja kwa basi, maana nauli ingaliipunguza karo. Alipanda baiskeli maili ishirini. Alifika saa ya mapumziko, shati limemganda mgongoni, mikono myeusi kwa mafuta ya mnyororo ambayo sabuni ilikwisha kushindwa nayo zamani. Nalikuwa nimesimama na wenzangu, wana wa makarani na wa wenye maduka. Mmoja aliniuliza, "Ni nani yule?"

Nalijibu, "Ni fundi wa kwetu."

Nalikuwa nimesema kweli, nayo kweli ile ilikuwa uongo mbaya kuliko wote niliopata kusema. Baba alikuwa karibu kiasi cha kusikia. Kabla sijamwamkia, mwenzangu yule alikimbia, akarudi akiisukuma baiskeli ya mwalimu aliyekuwa ametumwa kuipeleka mjini, tairi la nyuma limelala. "Fundi," alisema, "tutengenezee." Baba alinitazama mara moja. Akachutama. Alilitoa tairi, akauvuta mpira wa ndani, akaomba maji, akalitafuta tundu kwa vidole. Akaparuza, akapaka gundi, akaipuliza, akangoja, akabandika. Kazi ilichukua nusu saa, nami nalisimama nikimtazama kama nisiyemjua. Mwenzangu alimpa shilingi moja. Baba aliipokea. Wenzangu walipokwenda zao, alinipa leso yenye karo, na juu yake akaiweka ile shilingi. "Chukua," aliniambia, "ujira wa fundi wa kwenu." Akapanda baiskeli yake akarudi.

Hakulitaja jambo lile tena. Mimi nami sikulitaja. Basi waweza kufahamu kwa nini, katika sebule ya Salford, miaka kumi na mitatu baadaye, nalimtetea Kenneth Barlow kwa moto mwingi. Nalikuwa nikimtetea mtu mwingine.

Usiku ule nalimwandikia Baba barua. Nalikiri yote, nikamwomba radhi. Jibu lilikuja baada ya wiki sita, kwa mwandiko wa mdogo wangu, kwa kuwa Baba hakujua kuandika. "Baba asema haikumbuki siku hiyo. Auliza, je, huko Ulaya wana viraka vya namna gani, na je, gundi yao yashika katika baridi?" Nalinunua vibati viwili vya viraka nikampelekea. Kama kweli alikuwa amesahau, au alisahau kwa ajili yangu, sikujua wakati ule, wala sijui sasa.

Katika kanda zile palikuwa na kipindi kingine ambacho nalikitazama kwa subira haba. Ni cha mwaka 1984. Mume wa Hilda, Stan, amekufa. Mwigizaji wake, Bernard Youens, alikuwa amefariki dunia kweli mwezi wa Agosti mwaka huo, na Jean Alexander, aliyekuwa mke wake mchezoni kwa miaka ishirini, ilimbidi aigize ujane baada ya msiba wa kweli. Stan alikuwa mvivu na mnywaji, na Hilda alimgombeza karibu kila siku waliyoishi katika nyumba namba 13. Baada ya maziko Hilda abaki peke yake na kifurushi cha vitu vilivyorudishwa kutoka hospitali. Akifungua. Mna nguo za kulalia. Mna miwani. Basi, hapo tu, mwanamke yule aliyemaliza siku zote za maziko bila ya chozi, avunjika. Hapana maneno. Nalifikiri, katika ujuvi wa ujana, kuwa ni kitu kidogo mno cha kulilia: miwani!

Baba alifariki dunia mwaka 1996. Hospitali ilitupa mfuko wa karatasi. Ulikuwa na shati, kikoi na kofia yake. Na katika mfuko wa shati, kifuniko kidogo cha vali ya baiskeli, cha ukubwa wa punje ya hindi. Bila shaka alikiweka hapo asikipoteze, huku akitia upepo tairi la mtu fulani, akasahau kukirudisha. Sitakueleza yaliyonipata nilipokishika.

Kwa hiyo mwaka jana, nilipoiweka diski ya kwanza, haukuwa mchezo ule ule, ingawa hapana neno lililobadilika. Kwanza naliyajua yatakayokuja, na elimu hiyo ni mzigo mzito. Mama yake Kenneth akaa mezani akiwatazama mume na mwana wakizozana juu ya hoteli. Mimi najua, naye hajui, kwamba kabla mwaka 1961 haujaisha atagongwa na basi na kufa. Nikatamani kumpigia kelele Kenneth aache ugomvi, amtazame mama yake maadamu yupo. Naye Kenneth mwenyewe, kijana yule mwenye haya! Mwigizaji wake, William Roache, alikuwa bado yumo mtaani kipindi cha 10,000 kilipoonyeshwa, mzee wa mvi. Nami namtazama akiwa kijana akikunja uso kwa chupa ya mchuzi.

Jambo la pili, nalimtazama baba. Zamani nalimwona mtu mkali na mwenye wivu. Safari hii nikauona mtazamo wake apatapo kukutana na kunjo la uso wa mwanawe, nikautambua. Nalikwisha kuuona mahali pengine, mara moja, kabla mtu hajachutama.

Haya yote hayanifanyi kipofu. Vipindi vingi vya zamani vina maneno marefu bila ya kisa, na maskani mengine yatikisika mlango ukifungwa kwa nguvu. Tena katika kanda zile zote za Mama nyuso za watu weusi zilikuwa haba mno, ilhali mimi nikitoka nje asubuhi nalikutana nao katika mabasi na hospitali za Salford na Manchester. Mtaa uliojigamba kuonyesha watu wa kawaida ulichelewa sana kutuona baadhi yetu. Nalimwambia Mama jambo hilo, naye alifikiri kitambo, akasema, "Ni kweli. Lakini hata sisi wa viwandani tulingoja mpaka 1960." Hilo halikunitosha, wala yeye hakudai kuwa linatosha.

Mama alifariki dunia zamani. Barua yake ya mwisho ilikuwa na ukurasa mzima wa habari za mtaani, nami nalisoma nusu yake kabla ya kufahamu kuwa mtaa aliokuwa akiuandika ni ule wa kubuni.

Jioni moja mjukuu wangu, aliye kidato cha kwanza, alikuja kuketi nami katikati ya kipindi kile cha kwanza. Alicheka kuona picha isiyo na rangi. Akatazama kitambo, kisha msichana wa Kenneth akaingia, na baba mtu akawa pale mbele ya moto, gurudumu mikononi.

"Babu," aliniuliza, "mbona wanatengeneza baiskeli sebuleni?"

Nikamwambia, "Huko ni Desemba, mjukuu wangu. Nje kuna baridi, na gundi haishiki."