Boksi Jeupe na Kibla cha Mama



Hapa kwetu Tunduma, mpakani mwa Zambia, kila kijana huinamia simu yake akaona peke yake asichokiona nduguye. Kwa hiyo tulifurahi mpwa wetu alipokuja likizo na projekta ndogo, akasema atawafundisha watoto habari za Hija, nao wataona wote pamoja.

Alilipaka boksi la karatasi rangi nyeupe, akaliweka sebuleni, akazima taa, akalielekezea mwanga. Lo! Boksi likawa mfano wa Kaaba, na mkanda wake wa dhahabu ukang'aa. Weusi wa pazia haukuwa ila mahali pasipofikiwa na mwanga.

Jambo hili si uchawi. Mwaka 2001 Ramesh Raskar, Greg Welch na wenzao walieleza namna ya kuvipamba vitu vyeupe kwa projekta. Kimojawapo kilikuwa mfano mdogo wa Taj Mahal. Kompyuta ikijua umbo la kitu na mahali kilipo, mwanga hukivika rangi na hata vivuli, na watazamaji hawahitaji miwani wala simu.

Mama yetu, ambaye macho yake yamepungua nuru, aliketi kimya usiku ule. Alfajiri tulimkuta anasali akilielekea boksi. Nasi tulikuwa tumeliweka upande wa magharibi, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na nafasi. Na kibla cha Tunduma ni kaskazini, kikipinda kidogo mashariki. Alipotoa salamu tulimwuliza. Akajibu: "Wanangu, jana nyote mliitazama Kaaba kule. Nikadhani mimi ndiye niliyekosea miaka yote."

Moyo ulituuma. Suala la swala yake tulimpelekea sheikh. Lakini kosa lilikuwa letu. Mama hakudanganywa na mwanga: aliuamini ushahidi wetu. Picha ya simu humpoteza mmoja, na mwenziwe aweza kumrudisha. Picha itazamwayo na nyumba nzima huwa kama habari yenye mashahidi wengi. Nani atathubutu kuikanusha?

Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Cairo yapata mwaka 1040, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba twaona kwa nuru inayoingia machoni, naye akatenga sehemu nzima kwa makosa ya kuona. Ikiwa bingwa huyo aliyachunguza macho hivyo, sisi tulikuwa na haki gani ya kumwacha mzee bila maelezo?

Jioni iliyofuata tuliwasha tena projekta. Tulimshika mama mkono, akaligusa boksi, na kivuli cha mkono wake kikafuta mkanda wa dhahabu. Akacheka, akasema: "Kumbe ni karatasi!"

Enyi vijana, waonyesheni wazee wenu maarifa haya, maana yana faida kubwa. Lakini kwanza waambieni ni nini, na mkimaliza washeni taa, kila mmoja akiguse kitu chenyewe kwa mkono wake.