Ng'ombe sita wa mahari kwenye faili la babu

Test zimeisha, jua la Ng'ong'ona linachoma kama kawaida, na leo nina mambo ya ukoo. Wengi wetu tukiulizwa majina ya ukoo tunaishia kwa babu, baada ya hapo ni "waulize wazee". Sasa wazee ndo hao wanaondoka. Ila kuna karatasi zinazowajua ndugu zetu kuliko tunavyodhani: faili za mirathi.

Babu mzaa baba alifariki 1984. Baba mdogo ana nakala ya fomu ya usimamizi, imeandikwa mahakama ya mwanzo iliyofungua mirathi, namba ya shauri na mwaka. Ukiwa na hivyo vitatu, unaandika barua ya kuomba kukagua faili na kueleza marehemu ni nani kwako. Kama huna namba, anzia mahakama ya kule alikokuwa anaishi alipofariki, maana si lazima iwe alikozaliwa. Na uzuri wa mahakama ya mwanzo, mambo yote ni Kiswahili.

Sasa kusoma kwenyewe. Kwanza, msimamizi si lazima awe mrithi, na hata akiwa mrithi, mali yote si yake. Kwetu msimamizi alikuwa baba mkubwa, na watoto wake miaka yote wanaongea kama shamba ni la baba yao kwa sababu "mahakama ilimpa". Jamani, mahakama ilimpa kazi! Akusanye mali, alipe madeni, agawe, kisha arudi kutoa hesabu. Ndiyo maana kuna Fomu Na. 5, orodha ya mali na madeni, inayotakiwa kufika mahakamani ndani ya miezi minne, halafu Fomu Na. 6 ya hesabu. Watu wanaishia kwenye fomu ya uteuzi wakati utamu wote uko kwenye hiyo ya tano.

Pili, usishangae mahali pasipojulikana. Operesheni Dodoma ya 1971 iliwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, kwa hiyo shamba la zamani linaweza kuitwa kwa jina la kilima au korongo ambalo vijana hawalijui. Ng'ombe nao hivyo hivyo. Faili linasema 11, wazee wanasema babu alikuwa tajiri. Wote wanaweza kuwa sahihi, maana Mgogo haweki ng'ombe wote zizi moja. Wengine anawaweka kwa marafiki na wakwe, ukame ukipiga huku, kule wanabaki.

Tatu, na hapa ndo nilipokaa kimya. Kwenye Fomu Na. 5, upande wa anachodai marehemu, kuna mstari mmoja: ng'ombe sita wa mahari, bado, kwa mkwe, Kondoa. Nikarudi kwenye orodha ya warithi. Shangazi zangu wanne wote wapo, na wote wameolewa hukuhuku Ugogo. Hakuna wa Kondoa. Mmh! Mahari bila binti inatoka wapi?

Sheria za urithi za kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, Tangazo Na. 436, ziliweka mabinti daraja la tatu, nyuma ya wana wote wa kiume, na mjane hakuwa na fungu kama ndugu wa mume wapo. Binti wa mbali, asiye na mtu wa kumtaja kwenye kikao cha ukoo, anapotea kirahisi tu. Ukoo ulimsahau yeye, ng'ombe wake ukawakumbuka.

Nikampigia baba. Akanyamaza, kisha: "Mwanangu, huyo ni wa yule mama mdogo. Waliondoka. Usifukue, watakuja kudai shamba." Mama mdogo gani? Sisi tunamjua bibi mmoja tu!

Namwelewa baba. Tangu Dodoma iwe jiji 2018, shamba lile watu wanaliangalia kwa jicho la viwanja. Lakini aliyeolewa kabla ya 1984, kama yuko hai, ni bibi sasa, na mimi shida yangu ni jina la mama yake tu. Nimemwambia baba, kwa heshima zote, likizo hii naenda Kondoa. Hajasema ndiyo, hajasema hapana.

Na nyie mkienda nyumbani, ulizeni hiyo namba ya faili mapema. Halafu msome mpaka mstari wa mwisho wa madeni.