Kwa Wakwe Mtae, na Noah Inayogonga Miguu

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami, na usitegemee kupumzisha mikono kwenye usukani. Barabara inapanda Usambara ikifuata bonde la mto, inapita Soni kwenye maporomoko yake, kona inazaa kona. Ukiipita Lushoto na kuendelea mbele, lami inakuachia njiani: udongo mwekundu, mawe, mitaro iliyochimbwa na mvua, hadi Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa milima, juu ya nyika ya Mkomazi. Nilikuwa sijawahi kufika. Wakwe zangu wako huko, na mke wangu alishachoka kumwambia mama yake kwenye simu kwamba tunakuja.

Kilichotuchelewesha ni gari. Noah ya zamani, ile ya injini chini ya viti vya mbele, niliyoinunua mkononi mwa mtu. Ilikuwa inagonga mbele. Si sana. Ko, ko, kwenye mashimo madogo ya mtaani, basi. Mafundi wawili waliisikiliza na jibu likawa moja: "Bosi, hapa tunashusha miguu yote." Maana yake shokapu nne, bushi, boljointi, linki, mauntingi na tairodi. Siwalaumu. Fundi analipwa kwa kufunga kipuri. Hakuna mteja anayemlipa kwa saa mbili za kusikiliza, na akibadilisha kila kitu mlio lazima uishe. Lakini hesabu ya maduka ya Gerezani, Dar, hata kwa vipuri vya mtumba, ilikuwa inalikaribia deni la mahari nililobakiza. Ningefika Mtae na gari zima na mkono mtupu, na sijui mkwe yupi angelifurahia gari.

Nikaamua kuipima mwenyewe nyumbani, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akiwa msaidizi.

Mlio wa miguu una tabia zake. Kama gari linanyamaza tairi zote mbili za mbele zinapopanda tuta kwa pamoja, kisha linagonga tairi moja inapoingia shimoni peke yake, mshitakiwa wa kwanza ni linki za stablaiza, kwa sababu stablaiza hufanya kazi pale tu upande mmoja unapopanda na mwingine ukabaki chini. Kama linagonga unapokanyaga breki au unapoondoka, kachungulie bushi za mikono ya chini. Mngurumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, usiojali shimo wala tuta, ni beringi ya gurudumu. Na kama springi inaruka kwa kishindo usukani ukizungushwa gari likiwa limesimama, mtu azungushe huku wewe umeweka kiganja kwenye springi: mauntingi yenye beringi iliyokufa utaisikia ikikwama na kuachia.

Yetu iligonga kwenye shimo la tairi moja. Tulifungua linki zote mbili, tukazunguka mtaa taratibu bila stablaiza. Kimya. Kipimo hicho hakina gharama na kinamaliza ubishi, ila ni cha mtaani tu, mwendo wa kutembea. Bila stablaiza gari refu kama Noah hulala vibaya kwenye kona. Linki mpya tukafunga siku hiyohiyo.

Hatukuishia hapo, maana mlio mmoja ukiondoka hukuachia nafasi ya kusikia mwingine. Tuliinua mbele kwa jeki, tukaliegemeza gari juu ya stendi mbili. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Hilo sikumwachia shemeji alijadili. Nilishika tairi juu na chini nikaitikisa, nikashika kulia na kushoto nikaitikisa tena. Ikicheza juu na chini, shaka inakwenda kwa boljointi au beringi. Ikicheza kulia na kushoto tu, kwa tairodi. Zetu zilitulia. Kisha nikaingiza mtaimbo kwenye mkono wa chini wa kushoto nikausukuma, na mpira wa bushi ukafunguka ufa kama mdomo.

Kubadilisha bushi si kazi ngumu kuliko kung'oa bolti iliyoshikwa na kutu. Ugumu uko mwishoni, na wengi hawaambiwi. Mpira wa bushi umeshikamana na chuma cha ndani na cha nje. Mkono unapopanda na kushuka, mpira hujikunja na kurudi. Ukiikaza bolti gari likiwa juu ya stendi, miguu inaning'inia, mpira unakazwa ukiwa mahali pasipo pake. Gari likishuka chini unakuwa umekunjwa muda wote, hata likiwa limeegeshwa, na hupasuka mapema. Kwa hiyo bolti inawekwa kwa mkono, gari linashushwa, linatikiswa likae uzito wake, ndipo spana inapita mara ya mwisho. Bushi nyingi zinazosemwa kuwa feki ziliuawa hivi.

Tukalipeleka kwenye wilo alaimenti, kwa kuwa mkono wa chini ulikuwa umefunguliwa. Zikabaki shokapu, nazo hazikutoa hukumu. Hakuna iliyovuja mafuta. Nilikandamiza kila pembe ya gari na kuachia. Zote zilipanda na kutulia. Kipimo hicho mara nyingi hukamata shokapu iliyokufa kabisa, lakini mkono wa mtu hausukumi kwa kasi ya barabara, na iliyochoka nusu hupita mtihani huo bila shida. Mbele, shokapu imevikwa springi, na hiyo haifunguliwi nati ya juu bila vibano vya kuikandamiza springi, maana ikiachia ghafla inaua. Nyuma springi iko peke yake na shokapu peke yake. Nikasema barabara itaamua.

Tuliondoka Dar alfajiri: Kibaha, Chalinze, daraja jipya la Wami, Segera. Kwenye rasta za vijijini mbele palikuwa kimya kiasi kwamba shemeji aliweka sikio karibu na dashibodi, akakosa kitu. Lakini lami ilipobonyea, mkia wa gari ulipanda na kushuka mara moja zaidi baada ya mbele kutulia. Mke wangu, aliyekuwa kiti cha nyuma, ndiye aliyeligundua, kwa tumbo. Korogwe na mikonge yake tukapita, Mombo tukala, mlima tukaupanda bila neno. Lushoto tulijaza mafuta na kupunguza upepo kidogo kwenye tairi.

Baada ya lami, mahali pakavu barabara ilikuwa na vile vimigongo vidogo vilivyopangana, vinavyotetemesha hadi meno. Watu huwalaumu wenye malori. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha jaribio la gurudumu linalozunguka juu ya mchanga, na walionyesha kwamba vimigongo hutokea hata gurudumu lisipokuwa na springi. Kinachotakiwa ni mwendo kuvuka kiwango fulani. Chini ya kiwango hicho njia hubaki tambarare. Kiwango chenyewe ni kidogo mno, hakuna dereva atakayekivumilia, kwa hiyo greda litaendelea kuitwa.

Kwa shokapu, barabara hiyo ni mateso. Kazi yake ni kuzuia springi isirukeruke, kwa kuyalazimisha mafuta yapite kwenye matundu madogo, na nguvu ya mruko hugeuka joto. Shokapu inayofanya kazi kwenye njia mbaya lazima iwe moto. Isiyo moto haifanyi kazi.

Tuliposimama Lukozi sikungoja. Niliinama kila gurudumu, nikagusa kwa mgongo wa kidole, mbali na bomba la moshi. Mbele kulia moto, mbele kushoto moto, nyuma kulia moto. Nyuma kushoto ilikuwa vuguvugu tu, kama chuma chochote kilichokaa juani. Mzee mmoja aliyekuwa amekalia gunia la viazi alinitazama nikizunguka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Gari lina homa?"

"Miguu mitatu inayo, mzee. Mmoja ndio hauna."

"Basi huo ndio mgonjwa," akasema, akarudi kwenye viazi vyake.

Shokapu moja kufa hakukatizi safari, ila kunabadilisha mwendo. Tairi inayorukaruka haishiki ardhi, na kwenye kona yenye vimigongo mkia hutambaa kuelekea bondeni. Tulikwenda polepole hadi magari ya abiria yakatupigia honi, Sunga ikapita, tukaingia Mtae jua likiwa bado juu. Mama mkwe alitupokea uani, na baada ya salamu akauliza kwa nini tumechelewa. Shemeji akamjibu kwa Kisambaa, kirefu, nami nikaona ni heri nisitafsiriwe.

Tuliporudi Dar nilinunua shokapu mbili za nyuma, si moja. Mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili hulifanya gari lijibu tofauti kulia na kushoto, hasa kwenye breki. Ile mbovu nilipoing'oa niliikandamiza kwa mkono, ikazama bila kubisha na kubaki humohumo. Ekseli ya nyuma ya Noah hiyo ni kipande kimoja, haikuhitaji alaimenti, na kazi ilikwisha kabla ya chakula cha mchana.

Anayekwenda Mtae mara ya kwanza ajaze mafuta Lushoto, asiende wakati wa masika, na kabla hajakubali kununua shokapu nne azishike kwanza zikitoka kwenye barabara mbaya.