Mbolea ya Ekari Tatu

Nchini Kenya ruzuku ya mbolea humfikia mkulima kwa ujumbe wa simu. Unasajiliwa kijijini, unataja ekari zako, na msimu ukikaribia simu inalia: una mifuko kadhaa, nenda ukachukue. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mbolea duniani, mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000. Septemba mwaka huo serikali mpya ikaushusha hadi 3,500, na mwaka uliofuata hadi 2,500. Kwetu Trans Nzoia, ambako karo ya shule hutoka kwenye mahindi, hiyo haikuwa habari ndogo.

Mama hulima ekari tatu. Moja ni ya nyumbani. Mbili anazikodi kwa bwana mmoja anayeishi Eldoret, mtu mpole ambaye hatujawahi kumwona ameshika jembe. Usajili ulipofika kijijini, Mama aliandikiwa ekari moja. Zile mbili zilikuwa zimeshaandikwa kwa jina la mwenyewe. Hakudanganya mtu, shamba ni lake na hati anayo.

Machi 2024 ujumbe ukaja. Mama akapata mfuko mmoja, mwenye shamba miwili. Akaenda kuichukua, kisha akapiga simu: "Mama, nina mbolea ya kupandia hapa. Wewe nitakupa kwa elfu nne." Dukani sokoni mfuko ulikuwa 5,500. Mama akanunua yote miwili na kumshukuru. (Huo ndio mwaka magazeti yalijaa habari za mbolea bandia. Yetu ilikuwa nzuri, mahindi yalishika.)

Aliyekasirika ni mimi. Nilikuwa nyumbani wikendi hiyo, na kwa elimu yangu ya chuo nikachukua daftari nikamwonyesha Mama kwamba bwana yule amevuna elfu tatu za serikali bila kupanda hata mbegu. Alinisikiliza huku akichagua maharagwe.

"Na mimi nimeokoa ngapi?"

Nikahesabu. Elfu tatu pia.

"Basi tumegawana. Ulitaka nikanunue dukani ndiyo yeye akose?"

Ningemjibu nini? Nilifikiria chifu. Lakini makubaliano yetu ni ya mdomo, msimu kwa msimu, na wanaotafuta shamba la kukodi ni wengi. Wala yule bwana simlaumu sana. Orodha ilimtafuta mwenye ekari, ikampata.

Mwezi wa Desemba, mahindi yakiwa yameshaingia ghalani, alikuja kupatana kodi ya msimu mpya. Ilikuwa 10,000 kwa ekari. Sasa akataka 12,000, na hakuficha sababu: mbolea siku hizi ni rahisi, shamba linalipa. Kwa ekari mbili hizo ni elfu nne za ziada. Mama alikuwa ameokoa elfu tatu kwenye mashamba hayo. Elfu moja iliyobaki ilitoka kwenye nafuu ya mfuko wake mwenyewe, ule wa ekari ya nyumbani.

Alilipa.

Januari mzee wa kijiji alipita kusahihisha orodha. Mama akamwambia aandike ekari tatu, kwa sababu ndizo anazolima. Mzee akauliza kama mwenyewe wa Eldoret anajua. Mama akatazama upande wa shamba kwa muda.

"Andika moja," akasema.