Likelemba ya maneno

Mu Lubumbashi hakuna mama mwenye hajue likelemba. Wanawake kumi wanapatana: kila mwisho wa mwezi kila mumoja analeta makuta sawasawa na mwenzake, na jumla yote inaenda kwa mutu mumoja. Mwezi unaofuata ni zamu ya mwengine, hivyo hivyo mpaka wote wapate. Hakuna banki, hakuna karatasi ya serikali. Kuko sheria moja tu: mwenye amepokea, alete. Mama mwenye anapokea wa kwanza, kisha siku ya kuleta anatuma mutoto aseme "mama hayuko", jina lake litatembea kuanzia Kenya (tunasema komini yetu ya Kenya, si inchi) mpaka Katuba na Ruashi.

Wenzetu mu kitabu hiki wanaandika juu ya ndoa, kilio, heshima ya wakwe. Sisi tunataka kusema juu ya likelemba ingine, yenye tuko ndani tangu 2016, na yenye hatujaona makuta ndani yake hata siku moja. Tunachanga maandiko. Tulianza tukiwa sita: walimu wawili wa sekondari, sisi tukiwa mumoja wao; nesi mumoja wa Katuba; mama mumoja Muhindi, bibi ya muchuruzi; mama mumoja metisi mwenye alilelewa na masista; na mama mumoja Mugriki mwenye alizaliwa hapa hapa mwaka wa 1946, wakati muji ulikuwa ungali unaitwa Elisabethville. Kuko kaye moja kubwa. Kila mumoja anakaa nayo majuma mawili, anaandika kurasa mbili ao zaidi juu ya maisha yake mwenyewe, kisha anaipeleka kwa mukono wake kwa mwenye kufuata. Anaandika mu luga yenye inamutoka, Kiswahili ao Kifaransa. Nesi ndiye alileta sheria ya pili: ni marufuku kuandika "nyinyi". Hakuna "nyinyi Wazungu", hakuna "nyinyi Wahindi", hakuna "nyinyi weusi". Andika "mimi".

Mutu atauliza: juu ya nini kuandikiana, na wote munakaa mu muji moja, munaweza kuongea? Mwenye kuuliza hivyo hajaangalia muzuri namna tunaongea. Wakati wa ukoloni, kati ya muji wa Wazungu na Kamalondo ya leo, iliachwa sehemu tupu, watu wasijenge pale, rangi zisikaribiane. Ile sehemu ilishajengwa zamani, lakini mu mazungumzo ingali. Mbele ya mama wa Kizungu, sisi weusi tunachekelea na kusema "ndiyo, Madamu" hata kama roho inawaka. Tulifundishwa hivyo tungali wadogo, na wenye walitufundisha walifundishwa na woga. Mwenzetu Muhindi, neno likianza kuwa kali, anakimbilia Kifaransa, na Kifaransa kinamufunika kama kitambaa. Na mama Mugriki alikuwa anasema Kiswahili mbio mbio kupita sisi wote, lakini kila neno lilitoka kama amri.

Yeye mwenyewe ndiye aliona hiyo, na aliiona siku alishika biki. Mara ya kwanza aliandika mistari tatu tu. Mara ya pili aliandika kama amegundua kitu: Kiswahili yake yote, ya miaka 70, ilikuwa ya kutuma watu. Leta maji. Fagia hapa. Funga mulango. Rudi kesho. Alitaka kuandika namna moyo wake ulikuwa siku moja ya utoto wake, akakosa neno. Akatupigia telefone usiku kuuliza namna ya kusema. Tukamuambia: "Unaweza kuandika, nilisikia haya." Akatuomba turudilie polepole, aandike muzuri.

Zamu yetu ilipofika, tuliandika juu ya mama yetu muzazi. Katika miaka ya 1980 alikuwa anatoka Kenya kwa miguu na beseni ya lengalenga na nyanya, anauzisha ku manyumba ya katikati ya muji, na sisi nyuma yake na kibeseni chetu. Ku nyumba za Wazungu tulipita ku mulango wa nyuma, wa jikoni. Kulikuwa nyumba moja yenye tulipeleka mboga miaka mine. Madamu wa pale hakuwa mubaya, hata siku moja alitupatia mukate. Lakini kwa hiyo miaka mine hakuuliza jina la mama yetu. Alimuita "mama ya lengalenga", basi. Tuliandika hayo bila kuongeza kitu, tukapeleka kaye kwa mama Mugriki, sababu yeye ndiye alikuwa anafuata.

Majuma mawili yakapita, matatu, mpaka matano. Tukasema likelemba imekufa. Kisha akaleta kaye, na ndani kurasa ine. Hakuanza na kuomba musamaha, na tunafikiri alifanya vizuri, maana musamaha wa haraka unafunga mazungumzo. Aliandika kama kwao vilevile kulikuwa mama ya ndizi, mwenye alifika ku mulango wa jikoni miaka mingi. Majuma yote matano alikuwa anatafuta jina lake mu kichwa na hakulipata. Anakumbuka kitenge chake, rangi na maua yake. Na majina ya mbwa za baba yake, aliandika, anakumbuka yote. Akayapanga pale, moja baada ya ingine, mbwa saba.

Chini yake aliongeza kama Wagriki nao walizarauliwa na Wabelgiji, walihesabiwa kama Wazungu wa chini. Ni kweli, wazee wote wa muji wanajua. Lakini nesi wetu alijibu pembeni, kwa biki nyekundu: "Hata hivyo nyinyi mulipita ku mulango wa mbele." Yeye mwenyewe mwenye kuleta sheria, akaivunja! Hatukufuta. Mpaka leo hiyo biki nyekundu iko pale, na mama Mugriki hakuijibu.

Kitu chenye kilitusaidia zaidi ni mwaka wa 1973. Mwezi wa 11 mwaka ule Mobutu alitangaza zairianizasiyo, na magazini za wageni zikapewa wenyeji wenye tuliita waakerere. Mama Mugriki aliandika namna baba yake alitoa funguo, na namna alihesabu vitu vyote usiku muzima ili asiseme wameiba. Mwalimu mwenzetu, mwenye kutuzidi miaka mingi, alisoma, kisha akaandika upande wake. Baba yake alikuwa karani mu magazini ya Mugriki mwengine. Siku ile nyumbani walikula kuku. Waliwaza: sasa karani wetu atakuwa mukubwa. Mwakerere akafika, akauzisha vitu vyote, hakununua vingine, na baada ya miezi rafu zilikuwa tupu na baba alikuwa nyumbani bila kazi. Wanawake hawa wawili walikuwa wanajuana miaka 15. Hakuna hata mumoja wao alikuwa ameshasema neno juu ya 1973 mbele ya mwengine, kila mumoja akifikiri ni maumivu ya kwake peke yake.

Tusifikiri kama kuandikiana peke yake kunatosha. Shula Marks, mwanamuke wa historia, alitoa mu 1987 kitabu cha barua za wanawake watatu wa Afrika ya Kusini. Mwenzetu Muhindi, mwenye anasoma Kiingereza, alitufasiria jioni mbili. Msichana mweusi, mwenye mule anaitwa Lily Moya ili jina lake la kweli lifichwe, alianza mu 1949 kumuandikia Mabel Palmer, Muingereza mwenye kupita miaka 70, mwenye alishugulikia masomo ya juu ya weusi pale Durban. Lily alitaka kusoma, na alikuwa anakimbia ndoa yenye mujomba wake alimupangia. Mama Palmer alimulipia masomo ku Adams College. Wa tatu, Sibusisiwe Makhanya, Muzulu na mutumishi wa jamii, aliingia kati ili asaidie. Barua zilikuwa nyingi. Lakini Lily alileta moyo wake wote, na yule mama alileta makuta na mashauri. Msichana alipotaka kukaribia zaidi, alirudishwa nyuma. Mu 1951 Lily akaacha masomo, akaenda Sophiatown, na kisha maisha yake yakaingia mu hospitali za wagonjwa wa akili kwa miaka mingi. Hatusemi barua ndizo zilimugonjesha. Tunasema pale hapakuwa likelemba. Nesi alisema neno moja tu: "Mumoja alileta, mwengine alihesabu."

Mama metisi ndiye alikawia kuliko wote. Miaka miwili aliandika juu ya upishi. Mwezi wa 4 wa 2019, Waziri wa kwanza wa Ubelgiji aliomba musamaha mbele ya bunge kwa ajili ya watoto metisi wenye serikali ya ukoloni iliwatosha kwa mama zao. Mwezi ule ule akaandika ukurasa wake wa kwanza juu ya mama yake. Na tarehe 2 mwezi wa 12 mwaka wa 2024, tribinali ya rufani ya Bruxelles ilipokata neno kama ile ilikuwa kosa juu ya ubinadamu, kwa mashitaka ya wanawake watano wenye walipelekwa wangali wadogo ku misioni ya Katende mu Kasai, aliomba kaye hata kama haikuwa zamu yake. Yenye aliandika siku ile hatutaisema hapa. Ni yake.

Mama Mugriki alikufa mu 2023. Watoto wake, wenye wanakaa Athènes, walituandikia kuomba kurasa za mama yao. Tulibishana sana. Mwalimu mwenzetu alisema tuzipasule, tuwape, ni mali yao. Muhindi akasema hapana, ukurasa moja ukitoka, wenye uko nyuma yake nao unatoka, na nyuma yake pengine ni mimi. Mwishowe tulikubali kufanya kopi. Nesi ndiye aliandika, kwa mukono, kurasa 61, akiacha makosa yote ya Kiswahili vile yalikuwa. Na ile biki nyekundu ya pembeni, aliinakili vilevile.