Gari Liache Garissa: Safari ya Kuona Mto Unapoishia

Swali lilianzia mezani. Ilikuwa Jumapili, chakula cha mchana kimekwisha, na binti yangu wa Kidato cha Pili alikuwa akichora ramani ya mito ya Kenya. "Baba," akaniuliza, "huu Ewaso Ng'iro wa Kaskazini mbona haufiki baharini? Mwalimu anasema unaishia Lorian. Umewahi kufika huko?"

Sikuwa nimefika. Mto wenyewe naujua. Unatelemka kutoka Mlima Kenya na safu za Aberdare, unapita Archer's Post katikati ya hifadhi za Samburu na Buffalo Springs, na hapo ndipo watalii wanapowapiga picha tembo wakioga. Kisha unashika njia ya mashariki, unapita Merti, na baada ya hapo wengi wetu wa mjini hatuna habari nao tena. Nikamwahidi kwamba likizo ya Agosti tutakwenda kuuona unapokomea. Ahadi ni rahisi kutoa ukiwa umeshiba.

Nilipoanza kuulizia safari ndipo nilipogundua jambo ambalo kila familia isiyo na gari kubwa inalijua. Mbuga zetu nyingi zimepangwa kwa ajili ya mtu aliyeketi ndani ya gari. Matatu itakushusha kandokando ya barabara kuu, na pengine lango lenyewe unaliona, lakini ukilifikia kwa miguu unaambiwa urudi ulikotoka kwa sababu ya wanyama wakali. Hell's Gate kule Naivasha ni mojawapo ya chache zinazokuruhusu kutembea au kuendesha baiskeli, na ndiyo maana wanafunzi huipenda. Jijini Nairobi nako Shirika la Huduma za Wanyamapori liliwahi kuwa na basi la Jumapili lililowachukua watu kutoka katikati ya jiji hadi ndani ya Mbuga ya Nairobi, na wengi waliomwona simba kwa mara ya kwanza walimwona kupitia dirisha la basi hilo.

Wenzetu Marekani walisumbuliwa na shida iliyo kinyume na yetu. Katika hifadhi ya Zion, jimbo la Utah, magari yalikuwa mengi kiasi cha kukosa pa kuegeshwa, hata mwaka 2000 wakaanzisha mabasi ya kuwazungusha wageni bondeni. Tangu hapo, katika miezi ya msimu, mtu huacha gari lake nje, akapanda basi, akashushwa pale njia ya miguu inapoanzia. Tajiri na maskini wote wanapanda basi moja.

Lorian haina lango wala tikiti, na hakuna kampuni ya utalii niliyoipata iliyotaka kunipeleka. Steji yake ni Habaswein, mji ulio katika Kaunti ya Wajir, kwenye barabara itokayo Garissa kupitia Modogashe. Kwa hiyo nitawaeleza tulivyofika, pamoja na makosa yangu, ili atakayetaka kwenda asiyarudie.

Lakini kwanza la usalama, kwa maana najua mama watoto atauliza, kama wangu alivyouliza. Sitawadanganya. Barabara za Kaskazini Mashariki zimemwaga damu ya wasafiri. Novemba 2014 watu 28 waliuawa kwenye basi lililotoka Mandera. Desemba 2015 basi jingine lilishambuliwa karibu na El Wak, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Huko ni mbali zaidi ya Habaswein, lakini abiria wa njia hii hawajasahau. Mimi niliuliza watu watatu wanaoishi huko kabla ya kukata tikiti, na nikauliza tena Garissa asubuhi ya kuondoka. Wakikuambia subiri, basi subiri, hata kama nauli umekwisha lipa.

Anayetoka Nairobi bila gari atapanda basi Eastleigh. Mimi nilikuwa na kigari changu kidogo, na nilikaidi. Nikakiendesha kupitia Thika, Matuu na Mwingi, lami tupu, takriban kilomita 370 hadi Garissa. Karibu na mji, kwenye daraja la Tana, kuna kizuizi cha polisi. Wote walio kwenye mabasi hushuka na kuonyesha vitambulisho. Binti yangu hakuwa na kitambulisho kwa sababu ya umri, lakini nilikuwa nimebeba cheti chake cha kuzaliwa na kadi ya shule. Bila hivyo nadhani tungekuwa tukijieleza hapo hadi jioni.

Nilikuwa na nia ya kuendelea na gari langu hadi Habaswein. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai kwenye hoteli tuliyolala alilitazama gari, akatazama magurudumu yake, kisha akanitazama mimi. "Mwalimu," akasema (sijui nani alimwambia mimi ni mwalimu, na wala si mwalimu), "gari liache Garissa."

Alikuwa na haki. Barabara ya kwenda kaskazini imekuwa ikitengenezwa kipande kwa kipande, na ule mradi mkubwa wa lami kutoka Isiolo kupitia Modogashe na Wajir hadi Mandera, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia fedha mwaka 2020, ni habari njema kwa kila mtu huko. Lakini ukiiacha barabara kuu ni mchanga. Gari dogo likizama, wa kulivuta ni ngamia. Mvua nayo ikija haina adabu: Novemba 2023 mafuriko yalikata barabara kadhaa za eneo hilo, mabasi na malori yakakwama.

Basi nikatafuta mahali pa kuliacha. Hapa nina malalamiko. Niliegesha kwenye kituo kimoja cha petroli ambacho sitakitaja, nikalipa siku tatu, nikapewa ahadi kemkem na hakuna karatasi. Niliporudi gari lilikuwepo, gurudumu la akiba halikuwepo, na askari wa zamu alikuwa mgeni asiyejua lolote. Afadhali ningeliacha ndani ya ua wa ile hoteli, ambako lango hufungwa usiku na mwenye nyumba analala hapo hapo. Dai risiti yenye namba ya gari, piga picha ya kila kitu kilichomo, na funguo ondoka nazo.

Familia zenye watoto wadogo zinaweza kuishia Garissa na zisijutie. Takriban kilomita tano kusini mwa mji kuna Bour-Algi, hifadhi ya twiga inayotunzwa na wenyeji wenyewe. Teksi au bodaboda itakufikisha. Ni wale twiga wa kaskazini ambao ngozi yao ni kama wavu uliochorwa kwa chokaa. Tulikwenda jioni, tukawakuta wakila migunga, na hawakutujali hata kidogo.

Asubuhi tukapanda basi. Binti yangu alijifunga leso kichwani, si kwa kulazimishwa na mtu, ila mama mmoja alimsogezea nafasi mara moja na kumwita mwanangu. Mama huyo alikuwa akirudi nyumbani na mikeka, sukari na kuku wawili. Kati ya Garissa na Modogashe nchi ni tambarare, vichaka vya kijivu, na kila baada ya muda kundi la ngamia linavuka barabara bila haraka huku dereva akingoja. Modogashe ni njia panda, na anayetoka Isiolo hukutana hapo na anayetoka Garissa. Tukashuka, tukala anjera na chai ya maziwa ya ngamia, tukaendelea.

Habaswein inajitambulisha yenyewe. Kwa Kisomali habaas ni vumbi na weyn ni kubwa, na mlango wa basi ulipofunguliwa hatukuhitaji mkalimani. Mji una maduka, shule, misikiti, mikokoteni ya punda yenye mitungi ya maji, na watu wanaotaka kujua umekuja kwa nani. Jibu la "nimekuja kuona mto unapoishia" liliwachekesha sana. Tulikwenda kwanza kwa chifu kujitambulisha, jambo ambalo nasisitiza lisirukwe, na yeye akatuitia kijana wa kutuongoza na dereva mwenye Land Cruiser kuukuu.

Kosa langu la pili lilikuwa hapo. Nilimlipa dereva fedha zote.

Alitupeleka hadi mahali ambapo gari lilianza kulalamika, akasema atatungoja chini ya mti, tukaenda kwa miguu na yule kijana. Nilitarajia maji. Hata huyo Mmarekani William Astor Chanler, aliyeufuata mto huu mwanzoni mwa miaka ya 1890, alitarajia ziwa kubwa, akakuta kinamasi. Sisi hata kinamasi hatukukuta. Ilikuwa Agosti. Tulikuta uwanda wa udongo mweusi uliopasuka mipasuko ya kuingia mkono, nyasi kavu, vichaka vya mathenge, na nyayo za mifugo zilizokauka kama zimechongwa. Kijana alinyoosha fimbo: mvua zikiwa nyingi milimani maji huja mpaka hapa, na yakizidi sana huendelea kwa mkondo wa Lagh Dera kuelekea Somalia. Kiangazi, hakuna.

"Sasa maji yanakwenda wapi?" binti yangu akauliza.

Mengine hunyauka na jua, mengine hunywewa na ardhi. Na mengi siku hizi hayafiki kabisa, kwa kuwa huko juu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mashamba yanayomwagiliwa yameongezeka. Tangu miaka ya 1980 mto umeonekana mara kadhaa ukikauka wakati wa kiangazi hata kabla ya kufika Archer's Post. Maua na mboga tunazonunua mjini zimekunywa sehemu ya Lorian. Tangu 2013 wafugaji wa bonde la mto huu wamekuwa wakifanya msafara wa ngamia wa kila mwaka kuwakumbusha watu wa juu kwamba kuna wa chini. Kijana wetu aliongeza kwamba Habaswein wanaishi kwa visima, maana chini ya uwanda huu kuna akiba kubwa ya maji inayotoka pande za Merti kwenda hadi Dadaab. Serikali ilipopanga kuyapeleka Wajir kwa bomba, wakazi wengi wa Habaswein walipinga wakihofia visima vyao.

Nilikuwa nikiandika hayo yote kwenye daftari nilipoona binti yangu ameketi chini. Chupa yake ilikuwa tupu. Yangu ilikuwa na maji ya vidole viwili. Tulikuwa tumebeba lita tatu kwa watu watatu, kipimo cha matembezi ya Karura, na jua la huko si la Karura. Nikampa yaliyobaki, tukageuka. Tulipofika chini ya ule mti, gari halikuwepo.

Sitaeleza niliyoyafikiria kwa muda wa saa moja na nusu iliyofuata. Simu haikuwa na mtandao. Kijana aliondoka bila kusema neno, nikadhani naye ametukimbia, kumbe alikuwa ameona vumbi la mifugo kwa mbali. Alirudi na mwanamke mmoja na kibuyu cha maziwa ya ngamia. Mama yule alimnywesha binti yangu kidogo kidogo, akimshika kidevu, akanitazama kwa jicho ambalo baba yeyote anastahili kutazamwa nalo akimleta mtoto jangwani na chupa mbili. Fedha nilizompa alizikataa. Jua likielekea kuzama, Land Cruiser ikatokea. Dereva alikuwa amepata pancha mbili, na hakukuwa na namna ya kutuarifu. Nilimwamini, kwa kuwa mikono yake ilikuwa nyeusi hadi kwenye viwiko.

Kwa hiyo: lita tano kwa kila mtu, na usilipe zaidi ya nusu kabla ya kurudi. Ondokeni alfajiri, maana saa tano mchana ni saa ya kuwa kivulini. Panga pia kulala Habaswein usiku mmoja. Tuliambiwa basi la kutoka Wajir hupita asubuhi, lakini hakuna ratiba iliyobandikwa ukutani. Unakaa kwenye kibanda cha chai na begi lako, na vumbi likionekana upande wa kaskazini unasimama. Letu lilikuja likiwa limejaa. Utingo alituweka juu ya magunia nyuma kabisa, na tukashukuru.

Garissa nikagundua habari ya gurudumu, nikapiga kelele zangu, nikanunua jingine lililotumika, tukashika njia. Kwenye daraja la Tana tulipungua mwendo kwa ajili ya kizuizi. Maji yalikuwa mengi, ya rangi ya chai, na watoto walikuwa wakiogelea kando.

"Na huu, Baba? Huu unafika?"

"Huu unafika. Unaingia baharini kule Kipini."

Akanyamaza mpaka tukapita polisi. Kisha akaniuliza mabasi ya Kipini yanapandiwa wapi.