Mwenyewe Yumo Ndani

Nilizaliwa Unguja Kaskazini, nikaolewa, nikamfuata mume wangu Florida, Marekani. Huko ndiko nilikopata ajira katika makumbusho ya makombe ya baharini, Bailey-Matthews National Shell Museum, kisiwani Sanibel. Nilianza mlangoni nikikata tiketi, nikaishia kuwa mtembezaji wa wageni mpaka nikastaafu.

Kisiwa chenyewe ndicho kilicholeta makumbusho. Visiwa jirani vimelala kaskazini kwenda kusini, lakini Sanibel kimejikunja kikalala mashariki na magharibi, kikikinga kinachosukumwa na maji kama wando unavyokinga samaki. Huko hakuna mwamba wa matumbawe wa kuyavunja makombe njiani, kama ulivyo kwetu. Bahari ni ya mchanga na kina chake kinaongezeka polepole, basi makombe hufika pwani mazima. Asubuhi, maji yakipwa, utawaona watu wameinama ufukwe mzima, vikongwe kwa watoto.

Mkurugenzi wa kwanza, R. Tucker Abbott, sikumkuta. Alifariki Novemba 1995, mwezi uleule makumbusho yalipofunguliwa. Hata hivyo, habari zake nilizisimulia kuliko za mtu mwingine yeyote, hasa za safari yake ya bonde la mto Yangtze, Uchina, alikokwenda kuchunguza konokono wanaoeneza kichocho. Wageni wengi walikuwa hawajapata kuusikia ugonjwa huo. Mimi nilisoma darasa moja na watoto waliokuwa wakikojoa damu. Nilipowaeleza kwamba mdudu wa kichocho lazima apitie kwanza mwilini mwa konokono wa maji baridi ndipo aweze kumwingia binadamu, nilikuwa nasema jambo ninalolijua kwa macho yangu, na ukumbi ulinyamaza.

Lakini mahali nilipopenda zaidi kusimama na wageni ni kwenye simbi. Simbi wa kwetu, yule mwenye pete ya rangi ya dhahabu mgongoni, alikuwa fedha. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walipakia simbi Zanzibar kwa shehena, wakazunguka Bara la Afrika na kuziuza pwani ya magharibi, Lagos na kwingineko, ambako watu walinunulia mafuta ya mawese. Ziliingia nyingi mno hata thamani yake ikaporomoka, na aliyekuwa ameweka akiba yake ya simbi akabaki na mzigo wa kubeba tu. Bibi zetu waliookota simbi hizo miambani wakati wa bamvua hawatajwi majina katika daftari lolote nililowahi kuliona. Mimi niliwataja kila siku ya kazi.

Wageni waliuliza sana bei. Kombe hili ni dola ngapi? Niliwajibu kwa kuwapeleka kwenye matangi ya wanyama walio hai, wamwone konokono akitoa macho yake na kutambaa. Mtu akishamwona mwenyewe yumo ndani, swali la bei humtoka. Sanibel ilipiga marufuku kuchukua kombe lenye mnyama hai mwaka 1995. Niliwaona askari wakiisimamia sheria hiyo, na wenyeji wakiitetea kuliko askari.

Kimbunga Ian kilipotupiga tarehe 28 Septemba 2022, barabara ya kuingia kisiwani ilikatika na makumbusho yakafungwa. Sina hamu ya kuzirefusha siku zile. Ukarabati ulikuwa mrefu, milango ikafunguliwa tena.

Sasa kila ninaporudi likizo nyumbani naona baragumu, lile kombe kubwa la kupulizwa, limepangwa mezani likisubiri mtalii. Mnyama wake anakula kiti cha pweza mwenye miiba, yule anayetafuna matumbawe. Tukimmaliza baragumu, tunamwachia adui wa mwamba, na mwamba ndio unaotupa samaki. Nawaomba walimu wa Unguja, Tanga, Mombasa na Lamu wawapeleke wanafunzi miambani maji yakipwa, wawaonyeshe wanyama hawa wakiwa hai. Na wewe msomaji, ukiokota kombe, ligeuze kwanza utazame mdomoni. Ukimkuta mwenyewe, mrudishe majini pale pale ulipomtoa.